Kidole Kilichoganda Mbele ya Waombolezaji

Fundi wangu Odongo,

Ni mimi, Beryl, yule uliyemfundisha kushika kamera, yule uliyekuwa ukimwambia kila siku kwamba ana mikono ya haraka na kichwa kinachofuata baadaye. Mwaka umeisha tangu tukuzike nyumbani kwako Ndhiwa na sijakuandikia hata mstari mmoja. Ni aibu. Leo imepungua kidogo, na kuna habari za shemeji yako Okumu ambazo lazima uzisikie, maana wewe ndiye uliyezianzisha na mimi ndiye niliyeziharibu.

Lakini nianze na studio, najua ndiyo ungeuliza kwanza. Bado iko palepale Migori, bango ni lilelile, lenye bwana harusi uliyemkata nusu ya sikio. Nimepaka ukuta rangi ambayo ungeipinga. Kiti chako sijakitoa. Mteja akitaka kukikalia namwambia mguu mmoja ni mbovu, na anahamia kwenye benchi. Mguu si mbovu.

Kazi imebadilika, Fundi. Siku hizi watu wanataka video ya mazishi kabla mabasi hayajaondoka matangani. Mjomba ametoka Mombasa, anarudi jioni, anataka aondoke na yake kwenye simu. Zamani mteja alingoja, na kwako alingoja zaidi. Yule bibi harusi wa Rangwe alikuja kuchukua video ya harusi yake akiwa amebeba mtoto ambaye tayari anakaa bila kushikwa, nawe ukamwambia kwa upole kwamba nakala ya tatu bado. Nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo. Mtoto alikutazama vibaya kuliko mama yake.

Nakala tatu za kila kazi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Ya kwanza kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye DVD iliyoandikwa kwa mwendo wa chini kabisa, halafu ipelekwe nyumba nyingine kabisa ili moto ukila studio usile na hiyo. Na kabla ya yote, daftari. Uliandika kwanza unachotaka kufanya, ndipo ukakifanya, ndipo ukarudi kuweka alama ya vema. Nilikuuliza mara moja kwa nini usifanye tu tukaenda kula. Ukasema stima ikipotea katikati ya kazi, kompyuta haitajua ilikuwa imefika wapi, lakini daftari litajua. Chakula kilipoa. Kwako chakula kilipoa miaka sita.

Na ule ugomvi wetu mkubwa, unaukumbuka. Siku yangu ya kwanza ulinieleza kwamba kompyuta ina kichwa na ina sanduku. Kichwa ni chepesi, kinapokea lolote papo hapo, lakini stima ikikatika kinasahau kila kitu. Sanduku ni zito, linaandika taratibu, lakini likishaandika limeandika. Na kuna mahali ndani ya kompyuta ambapo unachagua: ukiwasha, inapokea kazi kichwani na kukwambia imekamilika huku sanduku bado linahangaika, ukizima, haikwambii neno hilo mpaka sanduku limefungwa. Ulinifananishia na yule mhudumu wa hoteli pale stendi, ambaye ukiagiza tu anakujibu "iko tayari" wakati samaki bado hajapaliwa magamba. "Kompyuta ikisema imemaliza," uliniambia, "iulize imemalizia wapi."

Wewe uliuzima mwendo huo wa haraka. Mimi, wiki ile ile uliyolazwa Homa Bay, niliuwasha. Lazima nikiri pia kwamba nilifurahi. Kazi ya asubuhi nzima iliisha kabla chai haijapoa, na nikajiambia kwamba mzee wangu amepoteza miaka bure.

Nilipokuja kukuona hospitalini nilikuta umegombana na muuguzi kwa sababu aliandika joto lako la mwili kwenye kiganja chake. Ulimwambia atanawa mikono na wewe utapotea. Alicheka, lakini alichukua karatasi. Ndipo ukanipa ile kadi ya kamera, imefungwa kwenye kitambaa. Ulisema umepiga video za matanga mengi mno, umewasikia watu wakimdanganya marehemu mbele ya jeneza lake mwenyewe, na kwa hivyo maneno ya siku yako umejirekodi mwenyewe pale studio, Ijumaa moja kabla jua halijatua. Ulinipa maagizo manne. Nakili. Itazame mpaka mwisho. Ndipo ufute kadi. Na tazama daftari.

Nilifanya mawili tu, Fundi. Nilinakili na nilifuta.

Ulizikwa Alhamisi, maana ninyi ni Wasabato na hakuna aliyetaka kushika jembe la kaburi huku akiliangalia jua la Ijumaa likielekea kuingiza Sabato. Asubuhi hiyo nilikuwa na upungufu wa kadi, nyingine nilikuwa nimeisahau harusini Ntimaru. Nikaingiza kadi yako, nikaihamishia video kwenye diski ya nje, na kompyuta ikasema imekamilika hata kabla sijamaliza kufunga viatu. Lori la viti lilikuwa nje likipiga honi. Nikang'oa waya, nikafuta kadi, nikaitia kwenye kamera ili niipigie mazishi yako.

Nikisema ilikuwa haraka tu, nitakuwa nimekudanganya, na ulichukia hilo zaidi ya yote. Muda wa kuitazama ningeupata. Nilifungua sekunde chache, nikakuona umevaa lile koti la kahawia, unasafisha koo namna ile yako, nami sikuweza. Nilizima. Nilijua nikikutazama mpaka mwisho nitaketi hapo sakafuni na mazishi yatakosa mpiga video. Hiyo ndiyo sababu, na nyingine zote ni visingizio.

Sasa ona yaliyotokea. Skrini tuliitundika upande wa kushoto wa hema. Projekta ilikuwa chini mno, basi nikaiinua kwa kitu cha kwanza nilichokiona kwenye mkoba wangu, kitu kinene na kigumu. Kumbuka kitu hicho, nitakirudia. Pasta alipomaliza, MC akatangaza kwamba marehemu mwenyewe atazungumza, na watu wakanyamaza namna ambayo hawajawahi kunyamaza matangani. Ukatokea. Mkeo, Mama Awuor, alishika mkono wa bintiye. Ulisalimu. Ulisema usisifiwe kwa ukarimu kwa sababu hukuwa mkarimu, ulikuwa mvivu wa kukataa. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na hata mimi nikasahau kushika kamera sawasawa. Ulimshukuru mke wako kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Halafu ukakaza uso, ukainua kidole na kukinyoosha pembeni, ukasema, "Na sasa nataka kusema wazi kuhusu shemeji yangu Okumu."

Ukaganda.

Mdomo wazi, macho makali, kidole kimenyooka. Na kidole hicho, Fundi, kilitoka kwenye skrini moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya mwisho ya hema, ambako Shemeji alikuwa amesimama ameshika kamba, kwa sababu ndiye aliyelifunga hema lile tangu alfajiri, kama alivyofunga mahema ya matanga yote kutoka Rangwe hadi Ndhiwa. Vichwa vyote vikageuka. Nilibonyeza kila kitufe. Mwenye jenereta akaizima na kuiwasha tena, ukarudi, ukasalimu upya, ukaenda vizuri, ukainua kidole, ukaganda palepale. Mara ya tatu Pasta akaanzisha wimbo mwenyewe. Waliimba beti zote, na wewe juu yao bado unamsonta mtu.

Sanduku halikuwa limemaliza. Kompyuta ilikuwa imeshika nusu ya maneno yako kichwani, ikaniambia imekamilika, nami nikang'oa. Na ile kadi, ambayo ndiyo ingetuokoa, nilikuwa nimejaza kwaya juu yake kutwa nzima. Niliipeleka kwa fundi mmoja Kisumu anayefufua vitu vilivyofutwa. Alinirudishia kipande cha sikio lako na sauti za soprano.

Yaliyofuata huyajui, na ni afadhali. Kila mtu aliimalizia sentensi yako alivyotaka. Wengine walisema Shemeji alichukua toroli lako na hakulirudisha. Wengine wakasema ni fahali. Bibi mmoja pale sokoni, ambaye hakuwahi hata kukuona, alieleza kwa kirefu kwamba ni habari ya mpaka wa shamba, na alionyesha kwa mikono mpaka wenyewe ulivyopinda. Mzaha mzaha, watu wakaacha kumwita Shemeji kufunga mahema. Hakuna aliyemfukuza. Waliacha tu kumpigia simu. Na wewe unajua mtu yule hana cheo kingine duniani. Hata kanisani hukaa nyuma. Kazi yake ilikuwa kufika kwenye msiba kabla ya kila mtu na kuhakikisha waliofiwa hawapigwi na jua. Alipokosa kuitwa mara ya tatu, alianza kukonda.

Kila siku ya soko alifunga safari kutoka Rangwe hadi kwangu Migori. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, na wateja walioijua hadithi walikumbuka ghafla kwamba wana haraka. Hakunilaumu hata mara moja. Aliniambia tu, "Beryl, nyathina, mtoto wangu, angalia tena. Kama nilimkosea, nataka kujua ni wapi, nikaombe msamaha kaburini." Nilikuwa nikifungua ile diski mbele yake, tunakutazama ukiganda, nami namwambia labda wiki ijayo. Nilijua hakuna wiki ijayo. Nilikuwa nimempokonya mtu jina lake kwa sababu ya honi ya lori.

Wiki mbili zilizopita Mama Awuor alinipigia kuniambia siku ya ukumbusho wako, Jumapili, na kwamba Shemeji amesema hatakuja, hataki kuketi mbele ya kidole kile tena. Mama analia, kwa sababu yule ni ndugu yake wa pekee. Nikasema nitaandaa video nyingine, picha za zamani tu. Nikaitoa projekta kwenye mkoba wake, na chini yake kulikuwa na kile kitu kinene na kigumu nilichoiinulia.

Lilikuwa daftari lako.

Cheka tu, una haki. Siku ya mazishi yako projekta ilikaa juu ya daftari, na tangu hapo sikuligusa, kwa sababu kuandika kabla ya kufanya kulinichelewesha. Nilikaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu mbovu, nikafungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko wako ulikuwa tayari umeanza kutetemeka. "Maneno yangu ya siku ya mwisho. Ya kwanza, kadi, kwa Beryl. Ya pili, Beryl ataitengeneza. Ya tatu, DVD, kwa Okumu, Rangwe. Ni mtu wa kutunza." Mbele ya ya kwanza kulikuwa na alama ya vema. Mbele ya ya tatu pia. Mbele ya ya pili hapakuwa na kitu.

Nilimpigia Shemeji palepale. Nikamuuliza kama uliwahi kumpa bahasha yenye DVD. Akasema kweli, ulimtumia moja, juu yake umeandika "Nakala ya tatu, tunza," naye akadhani ni ile ya harusi ya bintiye, maana hiyo pia ulikuwa umeichelewesha. Nyumba yake haina mashine ya kuichezesha. Nikamuuliza iko wapi sasa. Akasema, "Ile ya kuku?"

Mwewe alikuwa amemaliza vifaranga vya mkewe, Fundi. Mtu akamwambia kitu kinachong'aa kinamfukuza mwewe. Basi mama yule alifungua bahasha, akapitisha uzi kwenye tundu la katikati, akakutundika mlangoni mwa banda. Mwaka mzima mwanamume yule alipanda magari kuja kuniuliza ulitaka kusema nini, na kila asubuhi alipita chini yako akienda kuokota mayai.

Nilifika Rangwe kabla ya saa nne. Kilichokuokoa ni kwamba banda lina paa lililojitokeza na jua halikukufikia, lakini kuku walikuwa wamekufanyia mambo ambayo sitayaandika kwenye barua. Mkewe Shemeji alikataa kuniachia DVD mpaka nimpe nyingine, akasema mwewe hajarudi tangu hiyo iwekwe na yeye hafanyi majaribio. Kwa bahati nilikuwa na moja iliyoharibika. Kwa hiyo sasa banda linalindwa na harusi ya watu wa Ntimaru.

Tulikuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kama ulivyonifundisha. Nikarudi Migori na Shemeji, na Mama Awuor akatukuta studio. Kile chombo chako cha kale cha kusoma DVD, ambacho nilikaribia kumpa mnunuzi wa vyuma, nilikitoa chini ya meza. Kikaanza kunguruma. Kilisoma kidogo, kikapumzika, kikasoma kidogo. Ulisalimu. Ukamshukuru mke wako. Ukakaza uso, ukainua kidole, ukasema unataka kusema wazi kuhusu shemeji yako Okumu.

Na chombo kikasimama.

Naapa moyo wangu ulisimama nacho. Shemeji aliinuka, kofia ikaanguka. Mama Awuor alisema jina lako kwa ukali, kama alivyolisema ulipochelewa kula. Chombo kikakohoa, kikazunguka, na ukaendelea, bila hata kujua umetungojesha mwaka mzima.

"Nimempiga picha kila mtu kwenye matanga ya nchi hii," ulisema, "na Okumu hayuko kwenye video hata moja, kwa sababu kila wakati yuko nyuma ya hema ameshika kamba. Yule pale. Beryl, geuza kamera. Mpige picha leo. Halafu apewe chakula kabla ya wageni, kwa maana hajala tangu alfajiri na hakuna anayemkumbuka."

Basi. Ndiyo yote. Shemeji alisimama pale akitazama skrini, machozi yakishuka hadi kwenye shingo ya shati, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama inaweza kurudiwa kidogo. Tuliirudia mpaka jioni. Nami nikakutazama mpaka mwisho, Fundi, kila mara. Baada ya hapo unafikia sehemu unayonisema mimi na mikono yangu ya haraka. Hiyo nitaijibu siku nyingine.

Sikuondoka pale mpaka nimekunakili. Niliandika kwanza kwenye daftari. Nikauzima ule mwendo wa haraka, nikaketi nikitazama kompyuta ikiandika taratibu kama mzee anayetia sahihi. Iliposema imekamilika, nikaiuliza imemalizia wapi, nikafungua diski na kukagua. Ndipo nikarudi kwenye mstari wa ya pili na kuweka alama ya vema niliyokuwa nadaiwa.

Jumapili tulikuonyesha mpaka mwisho, mchana, mbele ya watu walewale. Hema alilifunga Shemeji. Ulipofika kwenye kidole, nikaona wengine wakitazama viatu vyao. Uliposema geuza kamera, niligeuza. Alikuwa nyuma ya nguzo, ameshika kamba, hakujua afanye nini na uso wake. Yule bibi wa sokoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpelekea sahani. Kwenye video anaonekana ametafuna, ameshindwa kumeza, anapunga mkono ulioshika mwiba wa samaki. Kesho yake simu yake iliita mara tatu kabla ya chai. Alhamisi hii anafunga hema Ndhiwa, na wiki ijayo mbili.

Usidhani nimekuwa wewe, lakini. Mjomba wa Mombasa bado nampa ya simu papo hapo, kwa mwendo wa haraka, na nikimpa namwambia hiyo ni ya safari tu. Video ya foleni ya chakula haihitaji nakala tatu, na bibi harusi hapaswi kunyonyesha akingoja. Hapo ulikosea na nitakwambia tukionana. Lakini maneno ya mtu ambaye hawezi kuyarudia, hayo nayaandika kwa mwendo wako, hata lori lipige honi mpaka betri iishe. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nimeiandika kwenye daftari kwanza kabla ya kuiandika hapa.

Pumzika, Fundi wangu. Kiti chako kipo, na namkosa sana yule aliyekuwa akikikalia.

Barua hii nimeiandika kwa mkono mara tatu, imenichukua siku nzima na chakula kimepoa. Moja nimeifukia hapa kichwani pa kaburi lako ndani ya chupa. Moja iko ndani ya daftari. Ya tatu anayo Shemeji, na nimemwambia mwenyewe, mbele ya mkewe, kwamba hii si ya kuku.

Wako,
Beryl